Mura, Unasikia Nini?

...kaa basi hapo juu ya tairi usikilize, maana hata Nashoni mwenyewe anasikiliza, kainamia injini ya Landkruza ya kambi ya watalii, ncha ya bisibisi ndefu iko kwenye chuma, mpini uko sikioni, ndivyo wanavyotafuta ugonjwa kwenye gereji hii ya Natta, dizeli inaunguruma, na mzee Nyangwine mwenye gereji kasimama nyuma yake na swali lake lile la kila siku, "Mura, unasikia nini?" mura ndiyo kijana kwa lugha ya kwao, na Nashoni anasema ngoja mzee, bado, lakini akili yake haipo kwenye injini, ipo kwa Daudi, dereva wa kambi, pale kwenye benchi na soda yake, akimaliza soda anaondoka, na kabla hajaondoka anataka jibu, kambi inaleta magari ya umeme, inampeleka Arusha kijana mmoja wa huku akasomee kuyatengeneza, "Nimewatajia jina lako, ukizubaa nawapa jingine, vijana wamejaa Mugumu pale," ndivyo alivyomwambia kando wakati mzee anatafuta spana, na Nashoni akasema acha nifikirie, kama vile hajafikiria, yeye ambaye tangu mwaka juzi analala na simu usoni akiangalia watu wakifungua mota za umeme, Kiingereza chao nusu hakielewi, shule aliachia form two kule Busawe, lakini mikono anaielewa, anaona waya unatoka wapi unaenda wapi, amefungua betri za sola zilizokufa za mtaa mzima mpaka mama yake akasema utatuunguzia nyumba wewe, wenzake wa gereji wakampa jina, Injinia Betri, Injinia tuchajie simu basi, wanacheka, wacheke tu... na siyo kwamba dizeli inakufa kesho, hilo anajua, mzee anasema haifi kabisa, porini huko umeme utauchota wapi, lakini gari la kwanza la umeme si lilishafika, Daudi alilileta hapahapa kuwaringishia, likaingia kimya, kuku wakabaki wanadonoa tu, halikuwatisha hata kidogo, Daudi akashuka, na mzee akafanya nini, akachukua bisibisi, akaliwekea, kafumba macho, akasema, "Beringi," Daudi akacheka mpaka akashika ukuta, "Mzee wangu, nimeshalizima hilo," na mzee hakucheka, akageuka, "Mura, hebu wewe," Nashoni akaweka sikio, hamna kitu, chuma tu, akasema ndiyo mzee, beringi, kwa mbali... ungesema nini sasa, mzee wako humwachi uchi mbele za watu, na alidhani yameisha pale, lakini leo, bisibisi sikioni, jambo lile linamrudia vibaya, kama gari lilikuwa limezimwa mzee alisikia nini, na hii dizeli je, mbona haiwekei sikio mwenyewe siku hizi, mbona simu ikiita anampa mtu, mwambie nitampigia, mbona asubuhi ukimpa shikamoo kutokea mgongoni hajibu, ukadhani kaamka na hasira, na hili swali, mura unasikia nini, Nashoni miaka yote anajua ni mtihani, anapimwa, alikuwa anaringa nalo, na sasa hivi hata hageuki, anasema kwa sauti ya kawaida tu, uso kwenye injini, "Mzee, nikienda Arusha hapa atabaki nani," na mzee anasema, "Eeh, kaza, kaza hivyohivyo," na kule kwenye benchi Daudi kainua shingo, "Umesema unaenda?" na Nashoni anamwonyesha mkono, subiri, kwa hiyo mzee hasikii, hasikii kabisa, fundi ambaye watu wanamletea magari hata kutoka Tarime, akisema nozeli wananunua nozeli, na anayesikia ni mimi, Nashoni anajiambia, kumbe mzee naye alijiandaa mapema, aliona masikio yanaaga akajitafutia mengine, akayafundisha taratibu, hakumwambia mtu, na mimi usiku chini ya blanketi najiandaa kumkimbia, wote wawili tumeona mbali, kila mtu na upande wake... nozeli ya tatu, ile ya kupulizia dizeli, inagonga, hiyo anaisikia vizuri, haina ubishi, akimwambia mzee sasa, mzee atamwambia Daudi, na kesho wataleta jingine, na keshokutwa jingine, miaka mingapi hiyo, mpaka lije lile la kimya na wao wawili waliwekee bisibisi, na akienda, Jumatatu tu mzee atasema beringi mahali pasipo na beringi, na watajua, Daudi kabakiza soda ya chini kabisa, anaizungusha kwenye chupa, injini inaunguruma vilevile, mkono wa mzee unatua begani, mzito, una grisi, "Mura, unasikia nini?" na sasa Nashoni anajua haulizwi, anaombwa, watu wawili wanangoja mdomo wake, mmoja tu ndo atakayesikia jibu, mwingine atalisoma mdomoni, na hebu niambie wewe uliyekaa hapo, ungeanza na nani, na ungemwambia nini?