Vifaranga wa Felisita

"Ni kideri chako hicho, mayu! Kimetoka kwako kikaruka minyaa!" Felisita alimfokea mama jirani yake, mkono mmoja kiunoni, mwingine umemshika kifaranga miguu.

"Kuku wangu wazima kama jiwe la kusagia," Milembe alijibu kutoka upande wake wa ua. "Njoo uwaone. Wewe kuku akikuharia tu, unanitafuta mimi!"

Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walitua ndoo. Nani ayapite maneno matamu kama hayo? Kijiji kizima cha Ngulyati kilijua kwamba mwaka uliopita Milembe alinunua jogoo mnadani, jogoo akaja na kideri, kideri kikafagia mabanda hadi njia panda. Tangu siku hiyo kuku akipiga chafya tu, jina la Milembe linatajwa.

"Hata mwaka jana ulikataa hivihivi," Joyness, mmoja wao, alichochea, mkono ukiwa mdomoni. "Mpaka jogoo mwenyewe akapinda shingo mbele ya padri."

Wakacheka. Milembe akapenya kwenye pengo la minyaa. "Lete nimwone huyo."

Kifaranga alikuwa wa miezi miwili, ameanza kuota manyoya ya kikubwa. Bwana mifugo, kabla serikali haijampunguza kazini, alimfundisha Milembe kumsoma kuku kama mtu anavyousoma uso wa mkwe. Kideri huja kwa hatua: kuku husinzia, hushusha mbawa, huhara kijani, huhema mdomo wazi, na shingo hupinda baadaye. Huyu hakuwa na ukijani wowote. Gole, mfuko wa chakula shingoni, lilijaa mtama wa asubuhi. Alikula akiwa mzima. Udenda ulimchuruzika mdomoni kama uzi, miguu inatetemeka, na mgongoni, kwenye mizizi ya manyoya, kulikuwa na unga mweupe.

Milembe aliujua unga ule. Ulikuwa wake.

Tangu ushirika ulegee na wanunuzi binafsi waingie, dawa ya kuua wadudu wa pamba iliuzwa hata gulioni Bariadi, imefungwa kwenye nailoni, haina jina wala maandishi. Juzi Felisita alilalamika utitiri unawala vifaranga wake, naye Milembe akampimia vijiko viwili. "Changanya na majivu, wapake," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua.

Kideri ni bahati mbaya, lakini sumu ina mwenyewe. Na kwao huko, macho mekundu ya moshi wa kuni peke yake yanatosha kumpa mwanamke mtu mzima jina la uchawi linalomtoa roho. Macho ya Milembe yalikuwa mekundu miaka mingi.

"Basi," alisema haraka. "Ni kideri. Kuku wangu ndio walioleta. Nisamehe, mdogo wangu."

Joyness aliutoa mkono mdomoni.

Felisita akalegea. "Si ungesema mapema, mayu? Yaishe. Tena hatukupoteza wote, watatu niliwawahi kwa kisu. Wako jikoni."

"Jikoni?"

"Sasa nitupe nyama? Kuku wa kideri tunawala tangu enzi za bibi zetu, hajafa mtu. Na watoto hawa tangu tuanze kuchuma pamba hawajaonja mchuzi."

Mlangoni mwa jiko watoto watatu walikuwa wameshanawa, wamechuchumaa, kila mmoja analinda nafasi yake kwa kiwiko. Chungu kilikuwa kinatokota. Milembe aliitazama mikono yao iliyolowa. Nyuma ya minyaa wanawake walishaanza kujitwisha ndoo. Ugomvi ulikuwa umekwisha.

"Usipakue."

"Unasemaje?"

"Si kideri. Ni ile dawa niliyokupa. Ni ya pamba."

"Umesema kideri sasa hivi!"

"Nimedanganya. Niliogopa."

Felisita aliipua chungu kwa mikono mitupu, akaenda kukimwaga chooni. Mtoto mdogo alilia kama aliyepigwa. Felisita aliporudi, vidole vilikuwa vimebabuka.

Milembe hakungoja kutumwa. Aliwatoa bandani vifaranga wanane waliobaki, akawaosha mmoja mmoja kwa sabuni, akawaweka kivulini kwenye tenga safi na maji mapya. Sita walishaanza kutokwa udenda. Hakuna aliyemsaidia.

"Kwanza kakataa, halafu kakubali, halafu kageuza," Joyness alisema barabarani, na safari hii hapakuwa na kicheko. "Huyo ni mtu huyo?"

Jua lilipoelekea kuzama, Felisita alisonga ugali. Milembe alinawa mpaka viwiko, akaenda kwake, akarudi na bakuli la mlenda. "Watoto wasile ugali mtupu," alisema.

Felisita alilipokea, akaliweka katikati ya mkeka. Watoto wakasogea, akawazuia kwa mkono uliobabuka. Kisha akamgeukia jirani yake, aliyekuwa bado amesimama nje.

"Karibu ndani, mayu. Keti ule," alisema. "Utaanza wewe. Sisi tutakuangalia."