Karai la Karuho

Kabla Fanny hajaona mlango, uvundo ulikwisha kumfika. Matapishi ya jana, majani yaliyopondwa, jasho la watu waliobanana katika chumba cha mbao mtaani Cimpunda. Shangazi yake, Ghislaine, akamsukuma mgongoni.

"Ingia. Leo karuho inatoka."

Karuho ni sumu ya mwenye kijicho. Hutiwa chakulani, ikamla mtu polepole. Huko Bukavu, ugonjwa usioeleweka ukiingia nyumbani, mgonjwa hutapishwa. Macho ya Fanny yalikuwa yakifa pembeni, na maziwa yalimchuruzika kifuani ilhali hajazaa.

Hospitalini daktari alikuwa amemwonyesha picha: uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo kama harage, chini ya ubongo. Ndani ya uvimbe mishipa ya damu haikuwa ya kawaida. Imetanuka, imejisokota kama minyoo, kuta zake nyembamba. "Mpaka tukupasue, usijikamue hata chooni," alisema. "Usitapike. Mshipa mmoja ukipasuka, utapofuka."

Mzee Ezéchiel, mtapishaji, alikuwa amemwinamisha mwanamume mmoja juu ya karai. Mtu yule alikoroma, akamwaga ute wa kijani uliovuta nyuzi. Wote walimtazama usoni. Fanny, asiyeona ila mbele tu, alitazama mkono wa mzee. Kutoka ndani ya mkono wa shati kikaponyoka kipande cha ngozi ya ng'ombe, na manyoya yake. Mzee akakikoroga karaini, akakiinua.

"Hii hapa! Ilikuwa inakukula, papa!"

"Yesu na Maria!" watu wakapaza sauti.

Kwa vidole vile vile, bila kunawa, akachota kikombe cha dawa ya kutapisha. Ute wa yule mtu ukaelea juu yake.

"Kunywa, maman," akamwambia Fanny.

"Siwezi. Docteur alikataza kutapika."

"Docteur alisomea karuho wapi?" Shangazi akambana pua. "Iko mu tumbo, weye unatuimbia kichwa!"

Mzee akammiminia dawa, uchungu ukamjaa kinywani. Nyuma ya macho kukaanza kudunda. Fanny akaitema yote kifuani mwa mzee.

"Tantine, ile ngozi ilikuwa mu shati yake! Niliona!" akamlilia shangazi.

"Kipofu aliona!" mzee akacheka, akijifuta. "Mulozi ndiye anaogopa dawa."

Watu wakajitenga na Fanny kama na mchawi. Shangazi, uso umemwiva kwa aibu, akanyakua kikombe.

"Kwetu hakuna mulozi. Muone!"

Akakigugumia chote, na ute wake.

Fanny alitoka akipapasa ukuta. Kichochoro kilikuwa kingali mbele ya macho yake, chembamba, kimejaa tope, lakini kipo. Nyuma yake shangazi alianza kutapika, na watu wakapiga makofi.