Jiko la Ghorofa ya Nne

Siku ya boti, ilipofika saa mbili asubuhi, Tahiya alikuwa amekwisha kujaza wali ndani ya pilipili hoho arobaini na mbili, amekunja majani ya mzabibu sufuria nzima, amekaanga bilingani, amechemsha mayai, amefunga mikate kwenye taulo isipoe, na amejaza chai chupa mbili, moja ya watu wote na nyingine ya mama mkwe wake aliyekatazwa sukari. Kazi yote hiyo aliifanya akiimba. Kisha akafunga mtungi wa gesi, akafunga bomba, akafunga mlango wa jiko kwa ufunguo, na ufunguo akautia kwenye pochi.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Miaka ishirini na tatu ameolewa katika mji wa Tanta, na kila Agosti familia hukodi nyumba ya ghorofa ya nne huko Abu Qir, pwani, kwa wiki moja. Kila Agosti Tahiya huimaliza wiki hiyo jikoni, maana watu wakitoka baharini wana njaa, wakishiba wanataka chai, na wakishakunywa chai wanarudi baharini kutafuta njaa nyingine. Naye si mtu wa kuogopa maji hata kidogo! Ni binti wa wavuvi wa mji wa Rashid. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa anavuka mto kwa kuogelea, anagusa ukingo wa pili, anarudi, na kaka zake wako nyuma wanahema. Lakini tangu aolewe hajalowa kupita vifundo vya miguu.

Mwaka huu aliamua ataogelea, na siku yenyewe ni siku ya boti, familia inapokwenda kisiwani, kwa sababu boti haina jiko. Alijishonea vazi la kuogelea la buluu, refu, lenye lastiki mikononi na miguuni, akalivaa chini ya gauni.

"Mbona umenenepa ghafla?" aliuliza mumewe Shauki walipokuwa wanashuka ngazi na vikapu.

"Nimevaa nguo za kuogelea ndani."

"Wewe?"

"Mimi, Baba Hanadi. Kwani bahari ni ya wanafunzi wako?"

Shauki alikuwa mwalimu wa jiografia, anaweza kuichora bahari ile yote ubaoni amefumba macho. Alicheka, akasema haya, Mungu akipenda.

Walikuwa watano. Bibi wa nyumba, Hajjati Daulat, mama yake Shauki, alikaa katikati ya boti na mkoba wake wa dawa. Binti yao Hanadi, aliyemaliza masomo ya famasia mwezi uliopita, alikaa mbele. Mchumba wake Sameh aliruhusiwa kuja kwa sharti la kukaa karibu na Hajjati, naye alikaa hapo kama mtu aliyewekwa rehani. Boti ilikuwa ya Nahodha Gharib, yenye turubai juu na redio isiyozimika. Kisiwa kilikuwa mwendo wa nusu saa.

Katikati ya njia nahodha aligeuka nyuma, akakodoa macho, akapunguza mashine.

"Mama," alimwambia Tahiya, "jiko lako linakuja."

Wote wakageuka. Jiko la ghorofa ya nne lilikuwa linakuja juu ya maji, hatua kama ishirini nyuma yao. Lilikuwa na vigae vyake vya njano, sinki, mtungi wa gesi, na kamba ya nguo iliyotoka nalo upande wa nje, soksi za Shauki bado zinaning'inia. Mlango ulikuwa wazi. Tahiya alifungua pochi, ufunguo ulikuwemo.

"Ulifunga gesi?" aliuliza Hajjati Daulat.

"Nilifunga, Hajjati."

"Afadhali."

"Lako limetulia," alisema nahodha. "Wiki iliyopita nilibeba watu wa Damanhur. Jiko lao lilikuwa na friji mbili, upepo ukivuma linapepesuka kama mlevi. Limenikwaruza rangi."

Shauki, kwa kuwa ni mtu muungwana, alimpigia simu mwenye nyumba kumweleza. Mwenye nyumba alisema ameshaliona tundu, hana neno, ila jiko liwe limerudi Ijumaa kabla ya adhuhuri, maana kuna wapangaji wengine wanakuja na wao pia wanakula.

Tahiya hakukata tamaa. Lije lisije, alisema moyoni, mimi leo naingia majini.

Wakatia nanga upande wa kisiwa usio na upepo, mahali ambapo maji ni ya kijani na chini unaona mchanga. Shauki aliruka kwa kishindo. Hanadi aliruka. Sameh alimwomba Hajjati ruhusa, akaruka. Tahiya alivua gauni, akalikunja vizuri, akakaza kilemba, akapanda ukingoni mwa boti. Akasema bismillahi, akaruka, miguu pamoja, mikono mbele.

Akatua kwenye vigae, mbele ya sinki.

Jiko lilikuwa limejisogeza kimyakimya na kujipachika kati yake na bahari. Tahiya aliangalia magoti yake, hayakuumia. "Mshenzi wewe," aliliambia jiko, akarudi kwenye boti. Akaenda upande wa pili, akaruka tena. Safari hii akatua karibu na mtungi wa gesi. Mara ya tatu alijifanya anakwenda kushoto, akageuka ghafla na kurukia kulia. Jiko halikudanganyika.

"Mama," aliita Sameh kutoka majini, meno nje, "madhali uko huko, zile pilipili zingepashwa moto kidogo zingekuwa hatari!"

"Na bilingani!" aliongeza Shauki. "Mama Hanadi, bilingani ya moto haina mpinzani!"

Akapasha. Mikono ilipasha na moyo ulikuwa unatokota kuliko sufuria. Wakaja wakala, wakalamba vidole, wakamwombea mikono yake isipungukiwe nguvu. Hajjati Daulat alisema kweli kumbe ni heri jiko lilikuja, chakula cha baridi humvuruga tumbo. Halafu wakataka chai, na chai ya kwenye chupa haikuwa na ladha kama ya kuchemshwa pale pale.

Watu walipokwisha kushiba, Tahiya alimfuata Nahodha Gharib, aliyekuwa akimenya tango kwenye usukani.

"Nahodha, wewe umeyaona mengi ya hivi. Mtu anafanyaje apate kuogelea?"

"Jiko hufuata mtu," alisema nahodha. "Akipatikana mwingine wa kusimama ndani, linatulia hapo hapo."

"Mwingine yeyote?"

"Yeyote. Mwanamke, mwanamume. Ila asimame kweli."

Basi kumbe ni jambo dogo! Tahiya alikwenda kwa mumewe kifua mbele.

"Baba Hanadi, njoo usimame humu robo saa."

"Nisimame nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Simama tu."

Shauki aliingia kwa moyo safi, tuseme haki. Alisimama katikati ya vigae, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Jiko likatulia. Tahiya akaruka, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tatu maji yakamfunika kichwa. Lo! Alitoka juu akipiga kelele ya furaha, akapiga mbizi, akapiga mikono kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

"Mama Hanadi!" aliita Shauki. "Vijiko viko wapi?"

"Droo ya kwanza!"

"Hii ina visu!"

"Basi ya pili!"

"Sivioni! Hebu njoo unionyeshe, mara moja tu!" Na ili asikike vizuri, akatoka jikoni, akaja kusimama kwenye boti. Jiko likang'oka, likakata maji moja kwa moja hadi kwa Tahiya, likamzoa kama kijiko kinavyozoa dengu. Akajikuta amekaa kwenye vigae, analowesha sakafu aliyoipiga deki mwenyewe alfajiri.

"Shauki, nimekwambia usimame!"

"Nimesimama! Nimetoka kidogo tu kuuliza!"

Hapo ndipo Hanadi alipopanda kutoka majini, akajifuta uso. "Mama, wewe nenda. Nitasimama mimi."

Tahiya alisita. Hakuwahi kumruhusu binti huyu kushika hata kijiko. Akisogea mlangoni huambiwa, "Toka, nenda kasome." Hanadi alifika umri wa miaka ishirini na miwili hajui kiberiti kinawashiwa upande gani, na Hajjati Daulat alikuwa amelilia jambo hilo Tanta nzima, kwamba msichana asiyejua kukaanga yai ataolewa na nani. Tahiya alikuwa akijibu kwamba ataolewa na mwenye pesa ya kununua mayai yaliyokaangwa. Hakuna kitu kilichompa fahari kama mikono laini ya mwanawe.

"Dakika kumi," alisema. "Na usiguse chochote."

"Sigusi."

Hanadi akaingia. Jiko likatulia kama limejengwa pale tangu zamani.

Tahiya akaogelea. Jamani, aliogelea! Mwili haukuwa umesahau chochote. Alikwenda mpaka kwenye miamba, akaigusa, akageukia nyuma ya kisiwa ambako redio haisikiki. Akalala chali, jua usoni, masikio ndani ya maji, na hakuna mtu aliyeita jina lake. Alikumbuka zile dakika kumi. Akajiambia akifika pale kwenye jiwe jeusi atarudi. Alifika kwenye jiwe jeusi, na mbele yake kulikuwa na maji mazuri zaidi. Akakizunguka kisiwa chote. Saa nzima ilipita, labda na kidogo.

Aliporudi na kupanda boti, alikuwa anacheka peke yake, na kifua kimemfunguka. Hanadi alikuwa anatoka jikoni na sinia. Chai ya Shauki aliitia vijiko vitatu vya sukari, ya Sameh viwili na mnanaa, ya Hajjati bila kitu, ya nahodha nyeusi nzito. Aliweka kila glasi mbele ya mwenyewe bila kuuliza.

"Nimekwambia usiguse," alisema Tahiya.

"Waliomba, Mama."

"Na nani kakufundisha?"

Hanadi alifikiri. "Hakuna. Mikono ilijua tu."

"Mashallah!" Hajjati Daulat alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Sasa amekuwa mtu." Sameh alionja, akasema chai kama hii hajawahi kunywa, na kwa kweli ilikuwa nzuri.

Nahodha aling'oa nanga. Hanadi akaenda kukaa mbele, na jiko likazunguka boti taratibu, likajiweka ubavuni, usawa wa Hanadi. Tahiya aliona. Akasimama, akaenda upande wa pili kabisa. Jiko halikutikisika. Akarukia ndani yake, akafunga aproni, akagonga sinki kwa ngumi.

"Wewe! Mwenye wewe ni mimi! Niko hapa!"

Jiko lilimwacha aingie na atoke kama mgeni, huku likimfuata Hanadi.

Alirudi kwa nahodha. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza namna ya kuogelea," alijibu Nahodha Gharib bila ubaya wowote. "La watu wa Damanhur lilihamia kwa mkaza mwana, mke wa mtoto wao. Lilikwenda na friji zote mbili."

Tahiya aliona aibu, na hasira, na ile ladha ya chumvi bado tamu mdomoni. Akamshika binti yake mkono, akampeleka ukingoni.

"Ruka."

"Mama, boti inakwenda."

"Nahodha, simamisha! Ruka, Hanadi. Sasa hivi. Ruka mbali."

Hanadi hakuwa mtoto wa kubishana. Alirudi hatua tatu, akakimbia, akaruka vizuri kuliko mama yake, mbali sana na boti.

Akatua kwenye vigae.

"Hakuna neno, Mama, sikuumia," alisema. Alijikung'uta magoti, akaangalia glasi zilizorudishwa, akafungua bomba. Shauki alikuwa ameshaanza kusinzia. Hajjati alikuwa akimweleza Sameh kwamba kitunguu kikatwe chembamba. Mashine ikanguruma tena, na boti ikaelekea mjini, na jiko nalo.

"Mama!" aliita Hanadi kutoka kwenye sinki, mikono imejaa povu. "Kitambaa cha kufutia kiko wapi?"

Tahiya alijua kilipo. Akamwambia.