Kitanda Kisichopita Mlangoni

Mjomba alikuwa ameshika msumeno, na bibi alikuwa amekikalia kitanda. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Babu tulikuwa tumeshamzika. Mwenye nyumba alitaka chumba chake kabla ya adhuhuri, gari la mizigo linanguruma nje, na mimi nilikuwa nimepima kwa tepu: ukilaze, ukisimamishe, kitanda kile hakipiti mlangoni. Babu alikiundia humohumo chumbani alipomwoa bibi, na hakikuwahi kutoka.

“Mama, inuka basi,” mjomba akasema. “Nakikata katikati tu. Nitakuja kukiunga.”

“Utakiunga na nini, mate?”

“Na misumari.”

Bibi alimtazama kama mtu aliyetukana msibani. “Bila kitanda changu siendi kwa mtu. Nifungieni humu.”

Mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Kwangu ndiko alikokuwa anahamia. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nimelea watoto wanne na hakuna anayenipanda kichwani. Lakini bibi hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mazishi, na nilijua nikimtoa pale kwa nguvu nitakuwa nimehamisha mwili tu.

Nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. “Bibi, babu alikiunga vipi?”

Aliutazama mlango. Kisha akasema, taratibu, “Nikikuonyesha, mtakifungua.”

“Ndiyo.”

“Na kikifunguliwa, basi kaenda kweli.”

“Ameenda, bibi.” Sijui namna nyingine ya kusema jambo kama hilo.

Mjomba aliniangalia kwa macho makali. Bibi akavuta pumzi, akajishika kiuno, akainuka.

“Leteni kipande cha ubao. Si nyundo, nyundo itakiumiza.”

Akapiga magoti kwenye tendegu la upande wa ukutani, mguu ambao hatukuwahi kuuona vizuri. Akapapasa chini yake, akagonga. Kimya. Akagonga tena. Kabari ndogo kama kidole ikadondoka sakafuni, na ubao mrefu wa ubavuni ukateleza kutoka kwenye tundu lake wenyewe, polepole, kama mtu anayeuachia mkono wako baada ya kukusindikiza.

Nilipokuwa mdogo nilizoea kushinda karakanani kwa babu, nikipiga chafya kwa vumbi la mbao. Siku moja nilimkuta anapiga msasa mgongo wa kabati, upande utakaoelekea ukutani.

“Babu, nani ataona huko?”

“Mende. Kwani hawana macho?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani ni mzaha wa mzee.

Sasa nilichuchumaa nikachungulia ndani ya lile tundu. Kwa nje kitanda kilikuwa cheusi, kimekolea mafuta na jasho la maisha yao yote. Ndani, mti ulikuwa mpya. Ulikuwa na rangi ya asali, na ulitoa harufu ya mbao zilizopigwa randa asubuhi hiyohiyo, harufu ya shati lake. Nikapitisha kidole. Laini kama ufizi wa mtoto. Alikuwa amepiga msasa mahali ambapo hata mende asingepenya, akiwa kijana, akijua kwamba akishafunga hakuna atakayepaona yeye akiwa hai.

Nikakaa sakafuni.

Mjomba aliuweka msumeno chini. “Huyu mzee,” akasema, “alikuwa mtu wa namna gani?”

Bibi akaiokota ile kabari.

Jioni tulikiunga chumbani kwangu, bibi akituelekeza kutoka kwenye kiti: geuza, si huo, msilazimishe. Kila kiungo kiliingia bila kelele, na kila kilipoingia, ile rangi ya asali ikapotea. Kikabaki kiungo kimoja. Nikaushika ubao mkononi, nikawa naangalia tu.

“Funga, mjukuu wangu,” bibi akasema. “Nataka kulala.”