Jicho Huliwa Likiwa Moto

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, Wanorwei wa Halden huvuka daraja kwenda Uswidi kununua nyama ya bei rahisi. Sixten Ahlgren, Mswidi wa miaka kumi na sita, alilivuka daraja hilohilo kwa basi akitoka Uswidi kuelekea Halden, kwenda kula nusu ya kichwa cha kondoo. Shuleni kwao, shule ya bweni yenye kengele nyingi kuliko walimu, alisifika kwa ushujaa: ndiye aliyeivalisha sanamu ya mwanzilishi suruali ya ndani ya mwalimu wa hesabu. Alijiona mtu asiyeogopa kitu. Ila hakuwa amewahi kutazamwa na chakula chake.

Sababu ya safari ilikuwa imeketi kando yake: Torunn, mwanafunzi mwenzake. Sixten alimwomba waende pamoja kwenye dansi ya shule, naye alikwisha kukubali. Ilibaki ruhusa ya Borghild, bibi aliyemlea Torunn, mzaliwa wa Voss, kwenye asili ya mlo huo wa vichwa, ambaye hakumwamini mtu yeyote kabla hajamwona akila. Torunn alimwonya mapema: kichwa huanziwa kwenye jicho, likiwa moto, kabla mafuta hayajaganda. Ukiliruka umemtukana mpishi.

Sixten alimjibu kwamba kwake yeye jicho ni peremende tu. Asubuhi hiyo alikuwa amemenya zabibu, akaipachika punje ya pilipili manga, akaitia mfukoni.

Mezani kwa Borghild, vichwa vikaletwa pamoja na viazi vya kuchemsha. Nusu ya Sixten ililala sahanini ikionyesha meno, kama mkuu wa shule siku ya matokeo. Bibi alipogeuka kumpakulia Torunn, jicho la kondoo likaingia kwenye leso, leso ikaingia mfukoni, na zabibu ikakaa kwenye tundu. Bibi aliporudisha uso, Sixten aliichoma kwa uma, akaitafuna polepole, macho kayafumba, kama anapokea sakramenti. Punje ya pilipili ikapasuka. Machozi yakamtiririka.

Borghild alifurahi. Alisema hajapata kuona mgeni akilia kwa utamu.

Vita vilikuwa vimekwisha, laiti angenyamaza. Lakini shule ya bweni humfundisha mtu kushukuru. Sixten akasimama, akajishika kifua.

"Bibi, wewe ni 'rar' sana."

Kwa Waswidi, 'rar' ni mtu mwema, wa kupendeza. Kwa Wanorwei, neno hilohilo ni kituko, mtu wa ajabu. Kila Mswidi anajua hivyo, isipokuwa yule ambaye pilipili imempanda kichwani.

Borghild akaweka uma chini. "Hebu sema vizuri, kijana. Wa ajabu mezani hapa ni nani? Mimi au wewe?"

Sixten akajua ameonekana. Siku za mwizi ni arobaini. Zake ziliisha kabla viazi havijapoa. Akaitoa leso, akaifungua, akaungama zabibu, akaungama pilipili, na kwa kuwa ulimi ulikwisha kuteleza, akaungama na suruali ya mwalimu wa hesabu.

"Mjinga wewe," Torunn akamnong'oneza. "Alikuwa hajaona kitu. Umemwita kituko."

Borghild aliliinamia jicho. Mafuta yalikuwa yameganda, na nyuzi za mfukoni zimelishika. "Zabibu na pilipili," akasema. "Kazi safi. Haya, sasa kula hili."

"Limepoa, Bibi."

"Nani kalipoza?"

Alilila. Lilikuwa kama mshumaa uliokwisha kuona mengi duniani. Safari hii hakufumba macho. Ingekuwa kukosa adabu, maana hata lenyewe halikuwa limefumba.

Borghild akamsubiri ameze. "Dansi mtakwenda," akasema. "Mwongo anayejishtaki mwenyewe hatamsumbua mjukuu wangu. Sasa sikio. Nalo huliwa moto."

Akavuta kiti chake, akaketi upande wa mfuko wa Sixten.