Kiranja wa Benchi la Mbele

Jina la Kiranja alipewa na wagonjwa wenzake, na kwa kweli lilimkaa kama shati la kushonesha. Kazi yake ilikuwa fundi redio, na alikuwa mtu wa masikio hasa. Ukimletea redio mbovu, hata hajaifungua, akiisikia inavyokoroma tu keshajua ni spika au ni waya. Lakini kifua kilipomshika, kile kifua kikuu sugu kisichosikia vidonge vya kawaida, akaambiwa atachomwa sindano kila asubuhi kwa miezi, na vidonge kiganja kizima juu yake. Wengine walikuwa wakichomwa wiki mbili wanatokomea. Yeye hakukosa hata siku za mvua.

Sasa sista wa pale zahanati, mwanamke mwembamba wa miguu ya haraka, akaona hapa nimepata mtu. Akamkalisha benchi la mbele kule barazani, kila mtu amwone.

"Fundi, wewe nitakuchoma wa kwanza," akamwambia. "Mimi hawa hawanisikilizi, wanakuangalia wewe. Ukikunja uso tu, kesho nina nusu ya watu."

Basi Kiranja hakukunja uso. Akichomwa, anatania. "Sista, leo sindano umeinoa kwenye jiwe?" Watu wanacheka, wanakohoa, wanacheka tena, foleni inasogea. Aliyemwangalia kuliko wote alikuwa Mama Pacha, mwanamke mdogo ambaye siku ya kwanza alishafika getini anatoroka. Akageuka, akamwona yule mzee anachomwa huku anacheka. Akarudi, akakaa nyuma yake, na hakuondoka tena.

Mwezi wa tatu wa sindano masikio ya Kiranja yakaanza kupiga filimbi. Filimbi nyembamba, kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili. Akasema itapita. Haikupita. Ndege wa asubuhi wakanyamaza, akadhani wamehama. Wateja wakaanza kurudisha redio, "Fundi, mbona bado inakoroma?" Naye anaisikiliza, anaona iko sawa kabisa.

Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, akamsogelea mpaka usoni. "Kaka, redio yote hiyo unamfungulia nani, watu wa mtaa wa tatu? Sema huko kwa sista. Mficha maradhi unajua kilichomuumbua."

"Nikisema mimi, wote wataondoka," akajibu. Na hakuwa anajisifu, maana waliotoroka alikuwa anawaona wanavyorudi. Wanarudi wamebebwa.

Kwa hiyo kila Jumatatu sista akisimama mbele na kuuliza, "Kuna anayesumbuliwa na dawa?", macho yote yanamwendea yeye kwanza, naye anajipiga kifua. "Mimi chuma." Na nyuma yake wote wanakuwa chuma.

Ikaja Jumatatu moja, wale pacha wa Mama Pacha, wa miaka minne, wanacheza uwanjani, mmoja akaanguka vibaya kwenye ngazi. Kiranja aliona mdomo umefunguka wote, kilio chenyewe akakisikia mbali, kama mtu analia ndani ya pipa. Benchi zima likageuka. Hakugeuka mama yake. Alikuwa ametazama mbele, anamwangalia yeye.

Kiranja akamwinamia. Akamgusa bega.

"Mwanangu, tangu lini?"

Akarudia mara tatu, akionyesha sikio, ndipo Mama Pacha akaelewa.

"Mwezi sasa. Yalianza na filimbi."

Hayo aliyasoma mdomoni, na alitamani awe amesoma vibaya. "Mbona hukumwambia sista?" akauliza, akimwonyesha sista kwa kidole.

"Nilikuangalia wewe, baba. Nikaona umenyamaza. Nikasema basi ni mimi tu mwoga."

Sista alikuwa keshamwinua yule mtoto na kumfuta goti. Akasimama mbele na swali lake la kila wiki. Macho yakaenda kule kule. Kiranja akainuka.

"Mimi sisikii," akasema, kwa sauti kubwa mno, maana kipimo cha sauti alikuwa hana tena. "Miezi miwili. Ni sindano."

Sista akaweka trei chini. Akaja karibu, akasema polepole amwone midomo. "Fundi, kwa nini? Ungesema wiki ile ile ningekubadilishia. Ndiyo maana nauliza."

"Na masikio yaliyokwenda?"

Sista akatikisa kichwa. Hayarudi.

Huku nyuma wawili walikuwa wamekwisha chukua makoti yao wanashuka ngazi bila kuaga, kama alivyoogopa miezi yote. Sista akawaita, hawakugeuka. Lakini kwenye benchi la mwisho mbeba mizigo mmoja wa sokoni, jitu la miraba minne, akanyoosha mkono kidogo kidogo, akashika sikio lake. Kisha bibi mmoja naye.

Mama Pacha bado alikuwa anamwangalia Kiranja, hajui kilichosemwa. Kiranja akaushika mkono wake, akaunyanyua juu mwenyewe.