Ua Lililoshinda na Njaa

Mumewe alipokuwa hai, mama huyu alilichukia waziwazi tangi lake la kioo la kufugia viumbe vya baharini. Maji ya chumvi sebuleni, mawe, taa za buluu, pampu inayonguruma kutwa! Aliliita mke mwenza, na mume akicheka mpaka machozi. Lakini siku ya mwisho hospitalini mume alimshika mkono akamwambia, "Usisahau kulilisha ua langu." Akaitikia, na kweli hakusahau.

Kila asubuhi alisaga uduvi, akalidondoshea ua kwa mrija. Ua lilikuwa la kahawia, katikati ya jiwe kubwa, na mikono yake membamba ilipepea na kunyakua. Likanenepa. Likazaa mengine, mawe yakajaa, naye akawatangazia ndugu kwamba ua la marehemu limebarikiwa.

Siku shemeji yake, mdogo wa marehemu, muuza samaki wa mapambo, alipokuja kumjulia hali, aliinama mbele ya kioo na utani wote ukamwisha.

"Shemeji, hili si ua. Ni gugu la baharini. Linawachoma majirani zake mpaka wafe."

"Mbona nimelilisha kwa mkono wangu!"

"Ndiyo maana limenawiri."

"Sasa ua la kaka yako liko wapi?"

Akamwonyesha kinundu cha matumbawe kilichojibanza pembeni. Siku zote mama alidhani ni jiwe. "Hilo hujifumba. Hufunguka likinusa chakula tu, kwa hiyo lazima ulipelekee." Karibu lote lilikuwa limekufa, jeupe kama mfupa. Rangi ya chungwa ilibaki sehemu ndogo, kama ukucha.

Moyo ukampasuka. Akakimbilia kisu, shemeji akamzuia. "Ukilikata, kila kipande kitaota. Tulichome sindano ya siki mdomoni, taratibu, lisishtuke likajificha."

Sindano zilikuwa bado kabatini, masalia ya kisukari cha marehemu. Wakazima pampu. Shemeji akajaribu, akaligusa kwa haraka mno, gugu likazama kwenye tundu lake.

"Nipe mimi," mama akasema.

Alianza na madogo, akamalizia na lile kubwa alilolilea. Sindano ilipofika mdomoni akajisikia akisema, "Pole baba, kidogo tu," maneno yale yale aliyomwambia mumewe miaka yote ya kumchoma. Shemeji akageukia dirishani. Gugu likajikunja, likalegea.

Kisha akadondosha uduvi juu ya kinundu pale pembeni. Wakangoja. Chai ikapoa mezani.

"Shemeji, huenda tumechelewa..."

"Nyamaza."

Kidole kimoja cha manjano kikachungulia. Kikafuata kingine, hadi mdomo mzima ukachanua, ukaushika uduvi na kuuvuta ndani kwa pupa ya mwenye njaa.

"Nisamehe, mke mwenzangu," mama akanong'ona, paji la uso kwenye kioo. Ndipo akalia kilio ambacho hata mazishini hakukilia.